Boneti ya Moto

Rafiki yangu Hazel wa Leicester, Uingereza, haamini mizimu. Alitaka gari la kale la michezo, na akiba yake ilitosha kununua moja tu. Akiuziwa bovu, basi tena. Mjane mmoja aliyetangaza kuuza gari kama hilo alimfungulia gereji yake yenye giza.

"Marehemu alilipenda kuliko alivyonipenda mimi," alisema. "Lishike tu, mpenzi, halinuni."

Hazel aligusa boneti kwanza, kama wanunuzi wote wa kule. Ikiwa ya moto, muuzaji ameliwasha gari mapema kuficha kwamba haliwaki vizuri likiwa baridi. Ilikuwa ya moto, na chini yake chuma kililia ti, ti, ti.

"Mama, umeliwasha?"

"Nitaliwashaje? Hukusoma tangazo hadi mwisho? Injini niliiuza mwaka jana."

Hazel aliinua boneti. Ndani mlikuwa mtupu. Mlio uliendelea, ukipungua polepole, kama wa injini inayopoa.