Rudia, Butembo

Mvua ya Butembo haipigi hodi. Siku hiyo ilimkuta Godelive katikati ya barabara ya Rue d'Ambiance, ametoka Beni na gauni jepesi la maua ya njano kana kwamba hajui Butembo ni mji wa baridi. Pikipiki zilikimbilia chini ya mabati ya maduka, wauza viatu walifunika bidhaa zao, na katikati ya vurugu hiyo akamwona kijana mrefu amekumbatia sanduku la chuma, shati limemgandama mwilini. Koti lake alikuwa amelivua akalivika sanduku.

"Mutoto yako iko mugonjwa?" Godelive akamuuliza.

"Iko muzima, mais akipata maji anakufa. Dada, ile kitenge yako..."

"Ile kitenge ni ya miye."

"Najua. Njo maana naomba."

Godelive alicheka kabla hajakusudia kucheka. Akafungua kitenge alichojitanda juu ya gauni, wakalifunika sanduku pamoja, mikono ikagusana. Kijana akashukuru kwa Kinande, wasingya, akapanda pikipiki, akatokomea na kitenge bila hata kuuliza jina.

"Mwizi mwenye adabu," Godelive akajisemea, na akajikuta anatabasamu peke yake kwenye mvua.

Walikutana tena siku hiyohiyo katika depo ya mzee Sikitu, mfanyabiashara wa Beni aliyekuwa na malori yaliyobeba mizigo kati ya miji hiyo miwili. Godelive alikuwa sauti ya ofisi ya Beni. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya phonie, ile redio ya kuitana, na kuiambia Butembo lori gani linaondoka lini na limebeba nini. Ubaya wa phonie ni kwamba kila mwenye nayo anasikia. Na ile ilikuwa miaka ya vita. Kila kilima kilikuwa na wenye bunduki wake, nao wana masikio. Malori yakawa yanangojwa kwenye kona kama mgeni aliyetoa taarifa.

Ndipo mzee Sikitu akanunua antena ya setilaiti na kompyuta kubwa ya Windows, seva, ili habari za malori ziandikwe kwenye ukurasa ambao watu wake tu ndio wangeufungua. Godelive aliitwa Butembo kujifunza. Fundi aliitwa Josaphat Kambale. Seva yake ilikuwa mezani, imevikwa kitenge.

Alipomaliza kuweka programu, ukurasa ukafunguka vizuri, lakini Josaphat hakuinuka.

"Sasa unatafuta nini tena? Si inatembea?" Godelive aliuliza.

"Kutembea haitoshi. Hii mashine inakuya na milango wazi sawa nyumba ya harusi. Huyu compte, akaunti, anaitwa Mgeni: nafunga. Zile page za mufano: natoa. Jina ya chef wa mashine kila mutu anaijua: nabadilisha. Kila mutu ataona paka kazi yake tu."

"Na miye?"

"Weye utaona Beni."

"Paka Beni?"

"Na miye, ukitaka."

Godelive aliangalia pembeni, mashavu yakimchoma. Ulipofika wakati wa kuandika neno lake la siri, Josaphat akageuka, akatazama ukuta.

"Unaona haya?"

"Mot de passe ya mutu haiangaliwe. Na hapana kuisema, Gode. Hata kwa miye."

Alirudi Beni bila kitenge na bila moyo wake mzima. Kila siku alasiri Josaphat alipiga simu kwenye kibanda cha Berthe, muuza vocha, ambako majirani wote walikuja kupiga na zaidi kusikiliza.

"Seva iko namna gani?"

"Iko kwako huko, unaniuliza miye?"

"Nilitaka kusikia sauti."

"Umesikia. Donc kata."

Hakuna aliyekata. Berthe alipangusa meza yake ileile mpaka ikang'aa, na mapenzi yakanoga.

Kosa alilifanya Godelive mwenyewe, na alilifanya kwa wema. Melchior, karani wa Butembo, alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kukumbuka. Jumamosi moja akaita kwenye phonie: "Beni, Beni! Mot de passe imenikimbia. Nipe ya kwako, nione malori."

Godelive alikuwa mtu wa phonie tangu usichana. Mtu akiuliza, unajibu. Akashika kipaza sauti: "K ya Kambale, I ya Ishango..." mpaka neno likaisha, nalo lilikuwa kitenge. Kisha akarudia, kwa sababu phonie ina kanuni yake: jambo kubwa husemwa mara mbili.

"Hapa Alimbongo, bien reçu," akajibu kwa mazoea tu, yaani umefika, mjomba wake Ésaïe, aliyekuwa na phonie ya wauza viazi huko kijijini.

Jumatatu ukurasa ukamkatalia. Aliandika tena, ukamkatalia tena, mzee Sikitu amesimama nyuma yake na wateja wamejaa. Melchior akasema kwenye phonie kwamba Josaphat ndiye aliyemfungia.

Simu ilipolia kwa Berthe, Godelive hakusalimia. "Ni weye ulinifungia?"

"Ni miye."

"Juu ya nini?"

Josaphat alijua kibanda kile kina masikio mangapi. "Si kwa simu, Gode. Nitakuya."

"Mutu akinifungia mulango mbele ya batu, hapana kuniita Gode!"

Akakata. Wiki hiyo risasi zikafunga njia upande wa Kalunguta, na hakuna aliyekuja. Godelive alitaka kitu kimoja tu, kuaminiwa, na aliona yule aliyempenda amemhesabu pamoja na wanaowauzia wenye bunduki siri za malori. Alilia jikoni akasingizia vitunguu.

Njia ilipofunguka, lori la kaka yake Zacharie, dereva wa mzee Sikitu, likaingia uani. Josaphat akashuka, mwekundu kwa vumbi, mkononi ameshika kitenge kilichofuliwa na kupigwa pasi.

"Weka pale, urudi," alisema Godelive.

"Nitarudi. Kwanza niambie: siku ile ulisema mot de passe, lori ya kesho yake ilikuwa ya nani?"

Godelive aligeuka kutazama lori. Pale uani Zacharie alikuwa anapiga mateke matairi, anaimba. Godelive akakaa juu ya gunia la maharage.

"Njo miye ningemuua?"

"Mutu hakuingia. Nilikuwa pembeni ya Melchior, nasikia; nilifunga mbele ya Ésaïe kumaliza bien reçu. Mais gari ingekamatwa na compte yako iko wazi, ni weye bangeuliza wa kwanza. Na unajua namna basoda, bale ba bunduki, banauliza."

Alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge. Kisha hasira ikadai haki yake. "Ungeniambia!"

"Berthe alikuwa anasikia."

"Na Zacharie? Hana mudomo? Ungemutuma."

Josaphat alijua kufunga kila mlango wa Windows, lakini hilo halikumpitia kichwani. "Una haki. Nisamehe, Gode."

Akamfungulia akaunti mpya pale pale, yenye uwezo uleule wa kwake, wa kufungia na kufungulia wengine wote. "Tuko babili sasa," alisema, akageuka kutazama ukuta. Godelive aliandika neno refu sana.

"Hapana kitenge tena?"

"Angalia ukuta, na hapana kuuliza."

Jumamosi iliyofuata phonie ikakoroma. "Beni, Beni, hapa Butembo. Iko ujumbe ya Godelive, na bote basikie."

"Josaphat? Phonie ina masikio!"

"Njo maana. Hii sitaki kuifunga. Godelive, nataka kukuoa."

Hewani hata wauza viazi wakaacha kutaja bei. Godelive akashika kipaza sauti, furaha imemjaa. Lakini kanuni ni kanuni.

"Butembo, rudia."

"Nataka kukuoa!"

"Hapa Alimbongo," akadakia Ésaïe, "ni mujomba yake. Tumesikia mara mbili. Mbuzi ziko wapi?"

Vicheko vikaijaza njia nzima. Godelive akangoja vipungue, akabonyeza kitufe.

"Butembo, hapa Beni. Bien reçu. Jibu ni ndiyo. Narudia: ndiyo."