Shelfu ya Madamu Atu

Mhimizi alishuka kutoka darini akining'inia kwenye reli yake, akasimama mbele ya kijana wa kidato cha tatu aitwaye Lusajo. Hakuwa na uso. Alikuwa na kioo cha duara na mikono miwili myembamba ya chuma cheupe. Alimshika Lusajo kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya moyo, akanusa pumzi, akapima joto la ngozi. Kule ukutani mtambo wa chapa-papo ukanguruma, na kijana hajakaa vizuri kitabu kikatoka, karatasi zikiwa na joto kama maandazi. Kitabu hicho hakikuwahi kuwapo duniani. Kilitungwa palepale, kwa ajili ya moyo wa Lusajo peke yake.

Wenzake walimpora wakasoma jina la juu. Ilikuwa hadithi ya mapenzi. Maktaba nzima ikaangua kicheko, maana wote walimwona Bupe akipita mbele ya Lusajo wakati anapimwa.

"Mashine ina umbea hii," alisema Lusajo, akajificha uso kwa kola ya sweta.

Mzee Ambakisye alikuwa ameketi karibu na mlango, akipiga msasa mguu wa kiti. Yeye ndiye fundi seremala wa shule ile, sekondari kubwa ya mji wa Tukuyu, mji ambao siku hizo ulikuwa umepanda mpaka kwenye mabega ya mlima, nyumba juu ya nyumba, na vichukuzi vya angani vikipita ndani ya ukungu. Hakucheka. Mkewe alikuwa amezikwa majuma mawili tu yaliyopita, na mkewe ndiye aliyekuwa mkutubi wa maktaba ile.

Huyo Mhimizi aliletwa na wakubwa. Kwa miaka walilalamika kwamba vijana hawapendi maktaba, wakaunda Bodi ya Hamu ya Kusoma, wakafanya semina kwenye hoteli zenye mazulia, na mwishowe wakafunga Mhimizi katika kila sekondari nchini. Kazi yake ilikuwa kuujua moyo wa mwanafunzi na kuupa kile unachokitaka. Karatasi alizitoa palepale chumbani. Chini ya sakafu kulikuwa na kisagio, na kitabu chochote kisichoguswa na mkono wa mtu mwezi mzima kiliteremshwa humo, kikalowekwa, kikasagwa, kikageuka karatasi mpya. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa mahali fulani. Mzee Ambakisye aliishia darasa la nne, na hakuna aliyemketisha akamwambia.

Mkewe, Madamu Atuganile, hakutegemea mashine. Alikuwa na shelfu moja ndefu kwenye kona, kazi ya mikono ya mumewe, iliyojaa vitabu vya zamani vyenye karatasi za manjano. Aliviokota kwenye minada na kwenye nyumba za watu waliofariki. Vilichapwa zamani na vichapishaji vya uchochoroni, vikaandikwa na watu ambao hata makaburi yao hayajulikani. Na ujanja wake wa kuwanasa vijana ulikuwa wa kishenzi kabisa. Aliwasomea kwa sauti mpaka pale pabaya, mlango unagongwa, kisu kiko mezani, halafu pu, anafunga kitabu, anakirudisha kwenye shelfu, anakwenda zake kuchemsha chai. Mabinti na wavulana waliobalehe juzi, wanaojiona watu wazima, walisukumana kama watoto wa chekechea kugombea kitabu kile.

Alikuwa na mchezo mwingine pia. Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya kutoka, aliwapanga mstari wapite wakipapasa migongo ya vitabu vyote vya shelfu ile. Aliuita kuvisalimia vitabu. Mumewe aliuona ni utoto, akamtania kwamba hata yeye hasalimiwi hivyo.

Kisha Madamu Atu akabanwa kifua. Dawa ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya ndege isiyo na rubani, angani, njiani kuja Tukuyu. Lakini siku ile kulikuwa na mgeni wa heshima, ikaamriwa anga iachwe wazi mpaka msafara wake upite. Dawa ilifika jioni, ikiwa salama, kwenye boksi zuri. Madamu Atu alikuwa ameshafunikwa shuka.

Wanafunzi walikuja msibani na sare zao. Walichota maji, walipasua kuni, walilala kwenye majamvi wakiimba. Siku ya kuanua matanga Bupe, aliyekuwa kiongozi wa wenzake pale maktaba, alimfuata mzee, akapiga goti. Alisema wamekubaliana wote kwamba vitabu vya Madamu navyo vikae msiba. Havitasomwa, havitasalimiwa, hata vumbi halitafutwa mpaka arobaini. Yeye mwenyewe amebakiza kurasa chache za kile cha Yusta, yule dada anayemngoja kaka yake arudi kutoka machimbo ya dhahabu.

"Nitavumilia, Babu," alisema. "Nitamalizia arobaini, kwa heshima yake."

Mzee Ambakisye hakuwa amelia mazikoni. Hapo alilia. Kesho yake alikwenda maktaba na kitenge cha marehemu, kile cha kijani alichopenda kujifunga siku za baridi. Akakitandaza juu ya shelfu nzima, akakipigilia misumari pande zote. Vijana walisimama nyuma yake. Aliona kwamba mkewe ameheshimiwa kuliko waziri.

Arobaini ilipofika walisali nyumbani asubuhi, wakala, kisha wakaandamana na mzee mpaka shuleni. Walikuwa wengi, na walikuwa na furaha kidogo, ile ya watu walioutua mzigo. Lusajo alimtania Bupe kwamba akimaliza tu kile cha Yusta ampe yeye, asimpe mtu mwingine, na Bupe akamwambia aende akasome mapenzi yake ya kwenye mashine. Mzee aling'oa misumari kwa koleo. Kitenge kikaanguka.

Shelfu ilikuwa tupu. Hata vumbi halikuwepo.

Reli ya darini ikalia. Mhimizi akashuka.

"Shikamoo, Mzee," alisema, maana alifundishwa adabu.

Mzee aliuliza vitabu viko wapi.

Mhimizi alieleza kwa upole na utaratibu, kama alivyoeleza mambo yote. Mikono yake iliingia kwa nyuma, kupitia upenyo wa ukutani. Vitabu havikuguswa mwezi mzima. Kitambaa alikiona, watu hufunika vitu wanavyokusudia kuvitupa, kwa hiyo alielewa kwamba shule imekubali.

"Kile kilikuwa cha msiba," alisema mzee.

"Sina habari ya vitabu kukaa msiba."

Ikabidi mzee aieleze mashine. Alisimama pale na koleo mkononi, mbele ya watoto wa watu, akaeleza kwamba mtu akifa kuna vitu vyake haviguswi kwanza, si kwa kutovipenda bali kwa kuvipenda. Mhimizi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Marehemu hakuniambia hili. Yeye aliijua kanuni ya mwezi, na aliiandikia Bodi mara nyingi kuipinga. Ndiyo sababu kila Ijumaa vitabu viliguswa."

Mzee Ambakisye alitafuta kiti akakaa. Kumbe ule utoto wa Ijumaa ndio uliokuwa ukivipa vitabu uhai, juma baada ya juma, na mkewe alibeba peke yake vita ile ili yeye alale usingizi. Na yeye, kwa nyundo yake mwenyewe, ndiye aliyewazuia watoto.

Afisa wa Bodi alitokea kwenye kioo cha Mhimizi siku ileile, bwana mmoja mnene wa sauti laini. Alitoa pole nyingi. Alisema hasara ni ya shule moja lakini faida ni ya taifa, kwani Mhimizi amekwishawaarifu wenzake wote, na kuanzia saa ile maktaba zote nchini zitaheshimu arobaini. Mzee akamuuliza kama nakala zilihifadhiwa. Afisa akasikitika. Sheria hairuhusu kunakili kitabu bila idhini ya mwenyewe, na wenyewe hawakujulikana.

"Na kusaga?" aliuliza mzee. "Kusaga idhini mlimwomba nani?"

Afisa alitazama pembeni, akasema swali hilo ni zuri na litafikishwa panapohusika. Kioo kikazimika. Mashine ilielewa kwa kuambiwa mara moja. Hawa wa Bodi waliandikiwa na mwanamke mzima mwaka mzima hawakuelewa neno.

Wanafunzi waliondoka mmoja mmoja. Bupe alibaki, ameketi sakafuni mbele ya shelfu. Alimuuliza mzee kama anajua kaka yake Yusta alirudi au hakurudi, maana Madamu lazima alimsomea nyumbani. Alimsomea, kweli. Lakini yeye alikuwa mtu wa kazi za kutwa, na kila siku aliposomewa usingizi ulimchukua kabla ya mwisho, mkewe akamaliza peke yake.

Mhimizi aliwasikia. Alisema yeye anaweza kusaidia. Alimwomba Bupe asimulie alipofikia, akamshika kifundo cha mkono, na chapa-papo ikanguruma. Kurasa zilitoka zikiwa za moto, na huenda zilikuwa ni zile zile, zimesagwa na kurudi. Bupe alisoma polepole mpaka mwisho. Kaka alirudi na zawadi, mama akamlaki barabarani, Yusta akacheka. Mwisho huo ulikuwa umeandikwa vizuri.

"Siyo huu," alisema Bupe.

Mhimizi aliuliza amejuaje, ikiwa hakuwahi kuusoma.

"Madamu aliniambia nikikimaliza kitabu nisikae peke yangu. Alisema niende jikoni kwake, saa yoyote, nisibishe hodi."

"Nimeelewa," alisema Mhimizi. "Niambie ungependa uumie kiasi gani, nitarekebisha."

Bupe alimtazama mzee. Mzee alikuwa amesimama tayari, amekunja kitenge kwapani.

"Twende," alimwambia. "Jiko lipo."

Walishuka pamoja kwenye manyunyu mpaka nyumbani. Aliwasha moto, akabandika chai, akamwonyesha kigoda cha marehemu. Na hapo, bila kitabu chochote kati yao, mzee na binti yule walilia kwa ajili ya mwisho ambao hakuna kati yao aliyeujua.