Simu Isiyoshusha Sauti

Kwanza simu zilipata moto. Pale Kwanar Dabo, kijiji cha mtama upande wa Katsina, hakuna aliyeshtuka, maana jua la huko halina adabu. Lakini simu ya Inna Kande ilikuwa imelala kivulini, ubavuni mwa mtungi, haijaguswa na mtu, nayo ikaunguza mkeka. Kabla ya adhuhuri chaji ilikuwa imekwisha. Na Inna Kande hakuwa mtu wa kukaa bila simu. Kifua kilikuwa kikimbana, siku yoyote pumzi zingeweza kumkatika, na tegemeo lake lilikuwa mtu mmoja tu.

Huyo alikuwa Sagir, mwanawe wa kwanza, fundi wa kampuni ya simu mjini. Mama wa Kihausa hamtaji mzaliwa wake wa kwanza kwa jina. Ni aibu, hata akiwa peke yake chumbani. Miaka yote alimwita "wewe bwana", au aligonga kikombe mpaka kijana akageuka. Mbele za watu Sagir alilicheka jambo hilo. Moyoni hakucheka. Tangu utotoni alitamani, walau mara moja, alisikie jina lake kinywani mwa mama yake.

Simu za kijiji zilipozidi kuungua alikuja mwenyewe na kompyuta, akaketi chini ya mnara wa simu mchana wa jua kali. Mlinzi, Tanko, alikuwa Mgobir, na Wagobir na Wakatsina ni watani.

"Mkatsina kaja na sanduku lake," Tanko alisema. "Leo mnara unaanguka."

"Nyamaza, mtumwa wetu. Lete chai."

Mnara husema na kila simu bila kupumzika: wewe uko mbali, paza sauti, wewe uko karibu, shusha, usiwazibe wenzako. Na simu hutii. Kwenye kioo cha kompyuta Sagir aliziona zote zikitii, isipokuwa moja. Iliambiwa ishushe, ikapaza. Ikaambiwa tena, ikapaza zaidi, mpaka simu za kijiji kizima zikawa zinapiga kelele ili nazo zisikike, na ndiyo maana zilikuwa zikiungua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hii haikusikia, na waliovunjika guu ni wengine.

"Ya nani hiyo?" Tanko aliuliza.

"Haina namba." Umbali wa simu mnara huupima kwa muda ambao simu huchukua kujibu. Sagir alisogeza uso karibu na kioo. "Iko hapa hapa tulipo. Na... Tanko, inajibu kabla ya kuulizwa."

Utani ukaisha. Kutoka juu ya mnara, ambako hakukuwa na mtu, ilishuka harufu ya nywele zilizoungua. Kisha simu ya Sagir ikalia, na jina lililotokea ni la mama yake.

"Sagir," sauti ya mama ilisema, taratibu, tamu. "Sagir wangu."

Damu ikamsisimka, na la kusikitisha ni kwamba mwanzoni ilikuwa furaha. Kisha akili ikamrudia, akakata. Akampigia mdogo wake wa kike, Zulai, aliyemwita Yaya, yaani kaka.

"Inna amelala, Yaya," Zulai alisema. "Simu yake imezima. Ndiyo kwanza naichomeka kwenye chaji."

Wakamleta Malam Habu, shehe wa kijiji, na bakuli la maji aliyooshea aya za ubaoni. Alisimama akinusa hewa.

"Jini huyu ni mchokozi," akanong'ona. "Amejua unachokitamani. Ukimwitikia anapokutaja, umekwisha. Nikimfukuza atarudi kubisha hodi kwa sauti ile ile. Usiitike."

Sagir akauzima mnara. Malam akaanza kusoma na kunyunyiza maji, na upepo ambao haukutikisa hata jani moja la mtama ukaanza kulia ndani ya vyuma, ukapanda na kushuka, ukalia kwa sauti ya mtoto na ya mbuzi na ya mwanamke anayecheka kwa chuki, na ile harufu ikawajaa puani na kooni mpaka Tanko akajifunika uso kwa kanzu, na Malam akasoma kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka, mpaka kitu kizito kikaruka kutoka juu, wakasikia kishindo chake mchangani, wasione unyayo.

Kimya. Sagir akauwasha mnara. Simu zikarudi moja moja, zote zikitii.

"Ameondoka," alisema.

Hapo simu yake ikalia. Inna.

"Sagir." Safari hii sauti ilikwaruza, ikakohoa.

Akakata. Ikalia tena. "Sagir, mwanangu, njoo..."

Akakata. "Anabisha," Malam alisema. "Mwache abishe." Ikalia mara nyingine, wala hakuipeleka sikioni. Kisha ikanyamaza, na Tanko akaenda kumalizia chai.

Chai haijachemka, Zulai akatokea mashambani, kichwa wazi, simu ya mama mkononi.

"Yaya, mbona unakata?"

Sagir alisimama.

"Alibanwa ghafla. Nikasema nikupigie mimi, akanikatalia. Akasema leo anavunja aibu, anakuita mwenyewe kwa jina, ili ujue ni kifo." Zulai hakuwa analia bado. "Ulipokata mara ya mwisho akaniambia, pengine mtoto huyu haijui sauti yangu ikimtaja."

"Yuko wapi?"

"Nimemfunika."

Sagir aligeukia kioo. Simu zile tatu za Inna zilikuwa zimeandikwa pale pale. Zilitoka umbali wa nyumbani kwao, zikaambiwa zishushe sauti, zikashusha. Angetupa jicho mara moja tu angejua.

Simu ikamtetemeka kiganjani, ya moto. Jina la Inna. Simu ya Inna ilikuwa mkononi mwa Zulai, imezima, kioo cheusi.

Malam akamkamata mkono. "Usiitike. Wallahi siye."

"Najua," Sagir alisema, akauondoa mkono wa mzee kwa upole. Akaiweka simu sikioni, ikamuunguza shavu.

"Sagir," sauti ya mama yake ilisema, tamu. "Sagir wangu."

"Naam, Inna," akaitika.