Bolti Iliyozama Kwenye Mafuta

Nikipita mbele ya nyumba wanamokaanga kitu, naziba pua. Watu wa hapa kwetu milimani, Dragačevo, wanasema huyu Vidoje, yaani mimi, ana maringo, anajifanya hajui harufu ya mafuta. Wacha waseme.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1987, jua linazama, nikapanda kilima kwenda kwa Bibi Perunika kuulizia kipande cha chuma. Safari ya nusu saa tu. Nilimwambia mke wangu, Desanka, kwamba chakula kisipoe, narudi sasa hivi.

Mimi hukusanya bunduki kuukuu za jeshi. Sizifyatui. Nazisafisha na kuzitundika kwenye banda nyuma ya nyumba, na Desanka anaziita wake wenzake. Sisi wakusanyaji tuna ugonjwa mmoja: namba. Kila kiungo cha bunduki hugongwa namba kiwandani, kuanzia mtutu hadi kitako, na ile bolti ya kusukumia risasi. Bunduki ambayo namba zake zote zinalingana, hiyo ndiyo bunduki. Nyingine ni kuni. Nilikuwa na moja ya Vita vya Kwanza vya Dunia, namba 4417, nzuri ajabu, ila haikuwa na bolti. Niliitafuta bolti hiyo miaka kumi na moja, na kila nilipoitazama ile bunduki ukutani niliona pengo tu.

Kumbe jibu nilikuwa nikilipita kila siku. Kwetu, askari akifia mbali na maiti yake isirudi, ndugu humsimamishia jiwe kando ya barabara, limechongwa sura yake na bunduki yake, ili wapita njia wamsalimie. Jiwe la Sredoje liko kwenye kona, chini ya kilima. Wiki ile mvua ilikuwa imeosha kuvu, nikaona mchongaji alikuwa ameweka hadi namba ya bunduki. 4417. Sredoje alikuwa baba mkubwa wa Bibi Perunika.

Bibi hakuuliza nataka nini. Aliponitajia namba mwenyewe, kabla sijaitaja, nilipaswa kuondoka. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye alinionyesha uvungu wa kitanda chake. Nikainama. Nikavuta kopo kubwa lenye kutu, limejaa mafuta ya manjano, juu yana utando kama wa maziwa yaliyochemka. Katikati kilichomoza kishikio cha bolti.

"Sikuuzii," alisema. "Nakupa. Mimi sina mtoto, na kitu hiki hakifai kuachwa bila mwenyewe. Kakizike chini ya jiwe la baba mkubwa. Kopo zima, mwanangu. Chuma usikitoe."

"Sawa, bibi."

"Apa."

Niliapa huku vidole vikiniteleza kwenye kopo. Njiani nilipita jiwe la Sredoje bila kusimama. Sikumsalimia.

Ndani ya banda nilizamisha mkono hadi kifundo. Baridi ilikuwa ya kugandisha maji ya kunywa, lakini mafuta yale yalikuwa vuguvugu. Yaliunyonya mkono wangu. Nilipoitoa bolti, ilikuja na unywele mrefu mweusi, ukajizungusha kwenye kidole changu, na harufu tamutamu ikanipanda puani nikataka kutapika.

Sasa nikiri uchafu wangu. Nina tabia, wenzangu hunicheka kwayo, ya kuonja grisi kwa ncha ya ulimi. Ya jeshi ni chungu. Mafuta ya nguruwe yana utamu kidogo. Ndivyo ninavyojua chuma kimehifadhiwa na nani. Nikaonja.

Yalikuwa matamu kupita kiasi.

Nikaramba na kidole cha pili.

Kisha nikaisukuma bolti mahali pake. Klak. Ikaingia laini, bila kukwama hata mahali pamoja. Namba zote zililingana, na nakwambia kweli, nililia. Kopo nikaliweka rafuni. Nilijiambia kesho nitalizika.

Kesho ikapita, na kesho yake pia. Kopo lenyewe sikulitazama tena, nililionea aibu. Isitoshe, nyumbani mambo yalikuwa mazuri. Desanka alikaanga viazi nikala sahani tatu, nikaomba ya nne, akacheka kwamba leo nimekumbuka nina mke wa nyama na damu.

Ila banda lilinitia kinyaa. Kitako cha ile bunduki kilianza kutoa jasho. Mbao kuukuu hutoa mafuta zikikaa karibu na moto, hilo kila mkusanyaji analijua. Banda langu halina moto. Matone mazito ya manjano yalishuka ukutani, na nilipoyafuta, kitambaa kilinuka kama kidonda. Na giza lilipoanza kuingia, nilisikia...

Klak... klak.

Mtu alikuwa anafungua bolti. Anaifunga. Polepole.

Jioni ya tatu niliingia nikaikuta iko wazi. Nilichungulia pale risasi inapokaa.

Palikuwa na jino la mtu.

Nilikimbia hadi kwa Bibi Perunika nikihema. Aliitazama mikono yangu kwanza.

"Kopo umelizika?"

"Kesho, bibi."

"Na chuma umekitoa."

Nilificha mikono mgongoni. Akakaa kitandani, akanisimulia bila kunitazama. Katika vita vile vya kwanza, jeshi letu liliporudi nyuma kupitia milima ya Albania, theluji hadi kiunoni, watu walichemsha mikanda wakala. Sredoje alianguka huko. Milun, mdogo wake, ambaye ndiye baba yake bibi, alirudi na bunduki ya kaka yake na kopo hilo. Akamwambia kasisi, huyu ndiye kaka yangu, nizikie. Kasisi alikataa kuzika kopo. Bunduki ikawa inalia ndani ya nyumba kila jioni, mpaka walipoitoa bolti na kuizamisha mle. Ikanyamaza. Milun akaiuza.

"Wenzake wote walirudi mifupa mitupu," alisema bibi. "Baba yangu alirudi mnene."

Nilijifuta midomo kwa kiganja. Akanisogelea, akanitazama midomo.

"Ulionja?" alinong'ona.

"Kidogo tu. Ncha ya kidole."

"Baba naye alisema hivyohivyo."

Nilitapika kwenye ua wake hadi nikatoa nyongo. Kisha nikashuka mbio, nimeamua: kopo, bolti, jino, vyote chini ya jiwe, usiku huohuo, hata kama nitachimba kwa kucha. Namba zisilingane tena maisha yangu yote, sawa.

Rafu ilikuwa tupu.

Harufu ile tamutamu ilitoka jikoni.

Desanka alikuwa amesimama mbele ya jiko, uso unang'aa. Mkono mmoja kashika kopo, mwingine kipande cha mkate, anafuta kuta za ndani, anakula. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mafuta.

"Mafuta mazuri hivi unayaficha huko kwa wake wenzangu," alisema. "Siku ya tatu hii nakaangia viazi. Ndiyo yameisha. Hakuna kopo lingine?"

Nyuma ya nyumba nilisikia bolti ikifungwa. Sahani mbili zilikuwa mezani, zinafuka moshi.

Nilifungua kinywa nimwambie. Mate yakanijaa kwanza.

Nikavuta kiti.