Mbona Gari Linaniuma

"Mbona gari linaniuma?"

Bi Chaki aliuliza hivyo siku ya Jumanne, akiwa amesimama peku kwenye nyasi zilizolowa, mkono mmoja umebeba beseni la vyombo, mwingine ameurudisha kifuani haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Watu watatu walimsikia. Mumewe alikuwa chini ya gari akikaza nati. Wifi yake alikuwa kwenye kiti cha kukunja, akijipepea na kipande cha boksi. Binti yake alikuwa na simu mkononi. Hakuna aliyemjibu. Kucheka walicheka, lakini kicheko si jibu.

"Linakubusu hilo," mumewe alisema kutoka chini. "Miaka thelathini na moja unafundisha watoto a e i o u, uliwahi kubusiwa na gari?"

"Busu gani la kuacha ganzi mpaka kwenye kiwiko?"

"Utazoea."

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la zamani. Mumewe alilinunua likiwa bovu, akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati, sinki na jiko dogo, likawa nyumba ya magurudumu. Alikuwa seremala mstaafu, na kwa upande wa mbao hakuna wa kumtia kasoro: droo zake zilijifunga bila kelele, kabati zake hazikuacha mwanya wa kupita unywele. Ila mtaani walimwita Fundi Mwenyewe, kwa sababu kila ulipomwambia aite mtu wa bomba au mtu wa umeme, alikujibu, "Nitafanya mwenyewe." Basi soketi tatu za gari lile alizifunga mwenyewe: moja kando ya sinki, moja kichwani pa kitanda, moja karibu na mlango. Umeme ulitoka nyumbani kwa waya mrefu uliopitishwa dirisha la jikoni.

Safari ilikuwa ndoto ya mkewe. Baada ya kengele zote zile na vumbi lote lile la chaki, alitaka kuamka mahali asipopajua, achemshe chai yake, ainywe ikiwa bado ya moto. Hilo tu.

Kila gari lilipomuuma, umeme wa ndani ulikatika. Tap! Kwenye kisanduku cha umeme cha gari kulikuwa na ile swichi ya usalama, inayoanguka yenyewe umeme unapopotea njia. Mtu anaumwa, swichi inaanguka. Mara ya pili, mtu anaumwa, swichi inaanguka. Mtoto wa darasa la kwanza wa Bi Chaki angeyaunganisha hayo mawili bila kuambiwa. Fundi alichokiona yeye ni kwamba birika halichemki.

"Swichi mbovu hii," alisema Jumatano jioni. "Au ina jini." Akaing'oa, akafunga swichi ya kawaida, isiyojua kuanguka.

Alhamisi saa nne asubuhi Bi Chaki alimwaga maji ya vyombo nje, akashika mpini wa mlango ili apande garini. Hakuuliza kitu. Swichi haikuanguka. Aliyeanguka ni yeye.

Na hapo, kabla kaburi halijakauka, likapatikana jini. Aliyelileta ni Shangazi, dada yake Fundi, kwa mnong'ono uliosikika vyumba vitatu: gari lilinunuliwa kwa mtu asiyejulikana, huenda lilishabeba maiti, lina jini linalopenda wanawake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Watu waliitikia kwa vichwa. Jini lilimfaa kila mmoja. Huwezi kulifungua jini kwa bisibisi ukakuta ndani yake mkono wa mtu unayekula naye.

Binti naye aliitikia. Hili linasemwa kwa sababu ni kweli. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisoma mambo ya umeme, na Jumanne ile alicheka na wenzake kisha akarudi kwenye simu. Kwa hiyo jini lilimfaa na yeye.

Mwezi ulipita. Fundi akapata wateja wa gari, mume na mke wenye mtoto wa miaka miwili, wangekuja Jumamosi adhuhuri kulichukua. Ijumaa akamwambia binti yake, "Kalifagie. Ufagie tu. Usiguse kitu."

Binti aliingia na ufagio saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo sana: alilisogeza birika afute vumbi, na birika lilikuwa na joto. Si la kuunguza. Joto la chai ambayo mtu ameisahau kwa nusu saa. Akatazama ukutani. Birika halikuchomekwa. Akatazama nje. Waya wa kutoka jikoni haukuwepo. Ulikuwa umekunjwa stoo tangu siku ile.

Akaenda ndani, akarudi na bisibisi ya testa, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini kinachowaka ikigusa umeme. Mtu akiogopa hushika kitu anachokijua.

Aligusa soketi ya sinki na kitaa kikawaka, akajiambia ni jua tu linamchezea, akakiziba kwa kiganja na kikazidi kuwaka. Akagusa ya kitandani ikawaka, na kutoka kwenye vile vitundu ukaja mvumo mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na nyuma ya mvumo harufu ya plastiki iliyoungua, na nyuma ya harufu hiyo harufu ya sabuni ya ndimu ambayo ni mtu mmoja tu aliyeitumia katika nyumba ile, na alipogeuka kuutafuta mlango akaona kwenye sakafu ya mbao nyayo zilizolowa, nyayo za peku, zinaingia, moja, mbili, tatu, nne, zinakoma mbele ya viatu vyake, na hakuna hata moja inayotoka, na mvumo ukajipinda, ukajinyoosha, ukawa maneno.

"Mbona gari linaniuma?"

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu. Binti aliziruka nyayo zile, akakimbilia nje.

Alimkuta baba yake kibarazani, ameshika kikombe kisicho na kitu.

"Baba. Mama yumo kwenye gari."

"Shh. Punguza sauti."

"Anauliza."

"Nimekwambia punguza sauti."

"Baba, hushangai?" Binti alimtazama vizuri. "Wewe umeshamsikia."

Fundi alikigeuza kikombe, akakigeuza tena. "Tangu siku ya tatu ya msiba," alisema chini chini. "Kila siku saa nne. Kwa nini unadhani naliuza?"

"Unaliuza na yeye ndani?"

"Si yeye. Ni jini linamwigiza. Mganga atakuja kesho asubuhi, nimeshaongea naye. Likitoka limetoka, wale wachukue gari safi."

"Safi! Mganga akishamaliza ubani wake, atakaza na nyaya? Kuna mtoto wa miaka miwili, baba. Ataushika mpini ule ule."

"Mama yako hakuwa na mdomo hivyo."

"Mama alisema mara moja, kwa adabu. Tumeona ilivyomsaidia."

Mganga alifika Jumamosi saa tatu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akichechemea. Alilizunguka gari mara mbili, akachungulia ndani, akaguna.

"Nimetoa majini kwenye visima," alisema. "Nimetoa kwenye cherehani. Gari lenye kitanda na sinki, leo ndiyo mara ya kwanza. Linakaa vizuri kuliko mimi."

Shangazi hakucheka. Alijifunika khanga mpaka mdomoni. "Mganga, fanya haraka, wateja wa gari wanakuja."

Ubani uliwashwa kwenye kigae, mlango ukaachwa wazi. Mganga aliketi kwenye ngazi ya gari, akasoma aliyoyasoma, akaliamuru lililomo litaje jina lake na litaje linachotaka. Ilipogonga saa nne, moshi wa ubani uliokuwa ukipanda ukalala chini ghafla, ukatambaa sakafuni kama maji yanayotafuta shimo, ukaingia kwenye soketi ya sinki, na ya kitanda, na ya mlango, na zote tatu, moja baada ya nyingine, zikasema kwa sauti ile ile ya upole:

"Mbona gari linaniuma?"

"Mbona gari linaniuma?"

"Mbona gari linaniuma?"

Shangazi alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

Mganga alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Wapo wanaotaka damu," alisema taratibu. "Wapo wanaotaka pete, wapo wanaotaka mtu. Huyu hataki kitu. Huyu ameuliza. Aliulizwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Kwa mara ya pili.

"Wewe mfukuze tu," Fundi alisema, macho yake yakiwa kwenye nyasi.

"Nimfukuze vipi, baba? Mwenye nyumba ameuliza swali nyumbani kwake. Siwezi." Akaanza kukusanya vitu vyake.

Binti akampita pale ngazini, akaingia. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alipiga magoti kichwani pa kitanda walipopaswa kulala wazazi wake, akafungua skrubu mbili za soketi, akaivuta kutoka ukutani. Mvumo ulikuwa ukimpumulia usoni. Nyuma ya soketi palikuwa na nyaya mbili. Mahali pa waya wa tatu, wa kijani na njano, ule wa ardhi unaoubeba umeme uliopotea usipite kwenye mwili wa mtu, palikuwa patupu.

"Waya wa ardhi hakuna!" aliita.

"Ule si lazima," Fundi alijibu. "Taa zinawaka bila huo."

Binti akang'oa ubao wa ukutani, ubao mzuri uliopigwa randa mpaka ukateleza. Nyuma yake, skrubu ya kabati, ndefu, kichwa cha shaba, aina ambayo Fundi aliipenda tangu ujana, ilikuwa imepita katikati ya waya wa umeme na kwenda kuuma bati la gari. Ncha yake ilikuwa nyeusi. Seremala alikuwa ametanguliza nyaya, kisha akaja kupachika kabati lake imara, imara kweli, bila kukumbuka kilichojificha nyuma.

"Njoo uone, baba."

Hakutaka. Alikuja. Alipenyeza kichwa mlangoni, akaitazama skrubu ile kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko wake mwenyewe kwenye barua aliyodai hakuiandika.

"Ile swichi uliyoing'oa iko wapi?"

Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa. Mwezi mzima alikuwa akitembea nayo.

"Haikuwa mbovu," binti alisema. Machozi yalimfika kidevuni, hakuyafuta. "Ndiyo peke yake iliyokuwa inamjibu. Sisi tulicheka. Mimi nilicheka, baba, na mimi nasomea umeme. Mjibu. Wale watu wako njiani. Mjibu."

Fundi alirudi nyuma mpaka kwenye nyasi. Nyasi zilikuwa zimelowa, na hakuna aliyemwaga maji. Akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto.

"Kaka, unafanya nini?" Shangazi alinong'ona. "Kaka!"

Testa mkononi mwa binti ilikuwa ikiwaka nyekundu mpaka ikaangaza vidole, na kabla hajasimama, kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele, baba yake alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mkono wote, peku, kwenye maji, na akaanza kusema, meno yake yakigongana:

"Linakuuma kwa sababu nimetoboa waya, mama watoto, nimeutoboa kwa skrubu yangu, na waya wa ardhi sikuweka kwa sababu niliona haya kumuuliza mtu, na uliposema linakuuma nikakucheka mbele ya watu, na swichi ilipokutetea nikaing'oa kwa ajili ya chai, halafu nikakuzika nikasema ni jini, ni mimi, si jini, ni mimi."

Mvumo ukakoma.

Gari lingeweza kumuua. Lilimuuma tu, kidogo, kama mtoto anayeanza kuota meno, kisha likamwachia. Harufu ya ndimu ilipita mlangoni, ikampita yeye, ikaondoka. Kitaa cha testa kikazimika. Fundi alibaki ameshikilia mpini, akilia kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia, hata makaburini.

Wateja walipofika adhuhuri aliwaambia yote, mbele ya mtoto wao aliyekuwa akinyoosha mkono kuugusa mlango unaong'aa. Waliondoka bila kuaga. Gari lipo bado, halina soketi hata moja. Saa nne asubuhi Fundi hupeleka humo chupa ya chai iliyochemshwa nyumbani, akakaa kwenye ngazi mpaka ipoe. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena.

Hapo Shangazi akatangaza kwamba mambo yamekwisha. Wiki iliyofuata binti alikwenda nyumba ya pili kuazima ngazi. Mama wa nyumba ile, mwenye sauti nzito ya kikohozi, alikuwa jikoni, peku, sakafu imepigwa deki. Aligusa mlango wa friji, akaurudisha mkono kifuani. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya upole, ya mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja.

"Mbona friji linaniuma?"

Sebuleni, mume akacheka.

Binti alivuka jiko lile kwa hatua mbili, akachomoa plagi, ndipo akajibu.

Na wewe uliyefika hapa: kama kwenu yupo aliyewahi kusema friji, pasi au bomba linamtekenya mkono, mkacheka, nakuomba uende ukazime swichi kuu sasa hivi. Kisha mwite fundi wa umeme.