Aliyeitika Darajani

Jumanne ile jua lilipoanza kujificha nyuma ya mlima, niliteremka mtoni kugeuza viazi. Huku kwetu Chillkapampa, viazi vikishagandishwa na baridi ya usiku, huwa tunavilaza majini wiki tatu chini ya mawe na nyasi mpaka ukali wote utoke. Ni kazi ya kila Julai, haina maajabu. Mgeni wangu akasema atanisindikiza.

"Utaloa," nikamwambia.

"Nimeloa tangu nivuke mpaka," akajibu huku akihema.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, Mwuruguay, akitembea peke yake bonde kwa bonde na shanta mgongoni. Wageni wa namna hiyo tunawapokea kwa zamu, na mwezi ule zamu ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa mbali kukata manyoya ya alpaka, nyumbani nimebaki na mama mkwe, kwa hiyo mgeni alikuwa faraja. Siku nne alikaa nasi, akimenya viazi vibaya vibaya na kujifunza kusokota uzi. Hakula nyama, nikawa namkaangia mayai mpaka kuku wakanichoka. Hewa nyembamba ya huku juu ilimtesa. Hatua kumi, anasimama kupumua.

Kwenye kifuniko cha shanta lake palishonwa jina kwa uzi mweupe: AMPARO. Siku aliyofika nililisoma, nikamwambia, "Karibu, Amparo." Akaniangalia kitambo, kama mtu aliyeguswa begani. Kisha akatabasamu. Tangu hapo nikawa namwita hivyo.

Daraja letu ni magogo mawili ya mkaratusi. Nilitangulia. Nikasikia kishindo... kisha maji.

Hayakuwa mengi, yalimfika kiunoni. Nikamrushia shuka langu la kubebea mizigo, nikamvuta. Hakuvunjika wala hakuchubuka. Ila alipokaa ukingoni, alikuwa akiutazama mto tu.

"Umeumia wapi?"

"Nimeacha kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui."

Hakusema tena neno lolote kwa siku tatu.

Alilala macho wazi. Muuguzi wa zahanati alipanda kwa pikipiki, akampima, hakuona homa wala jeraha, akasema apelekwe mjini. Barabara ilikuwa imefukiwa na mawe, na gari halikutarajiwa kabla ya Jumapili. Ijumaa asubuhi midomo yake ilishaanza kupoteza rangi. Kijiko cha supu kilirudi kama kilivyoingia.

Mama mkwe wangu, Mama Hilaria, alisimama mlangoni akitafuna majani yake ya koka.

"Huyo haumwi," akasema. "Huyo ni nyumba isiyo na mtu. Roho yake imebaki mtoni. Leo tukaiite, la sivyo Jumapili gari litabeba maiti."

"Mimi sijawahi kuita roho, mama."

"Hata kupika ulikuwa hujawahi, ulipoolewa hapa. Mbona tunakula? Niletee nguo yake aliyoizoea. Na jina lake."

Shantani nikatoa sweta jekundu lililochakaa viwiko. Jina nilikuwa nalo.

Tulifika darajani ukungu ukipanda kutoka mtoni, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Mama Hilaria alimwaga pombe ya mahindi ardhini, akaweka majani matatu ya koka juu ya jiwe. Akalitikisa sweta juu ya maji, akaita kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

"Amparo, njoo. Amparo, twende nyumbani. Usikae hapa, hapa kuna baridi. Amparo..."

Mara ya kwanza, kimya.

Ya pili, kimya.

Ya tatu, mto ukanyamaza.

Sijui niseme vipi. Maji yaliendelea kwenda, niliyaona kwa macho yangu, lakini hayakuwa na sauti. Ikaja harufu isiyo ya bonde letu. Dawa ya kusafishia sakafu, ile ya wodini.

Kisha nyuma yangu, karibu kabisa na sikio:

"Abee."

Mama Hilaria akalikunja sweta upesi, kama mtu aliyenasa ndege. "Twende," akanong'ona. "Usigeuke nyuma."

Tukapanda njia. Nyayo zikatufuata, za peku, nyepesi, hazina haraka. Chap... chap... chap. Tulipokwenda kama hatua hamsini, nikasikia sauti nyingine. Hii ilitoka chini ya daraja, nyembamba, ya mtu anayegonganisha meno.

"Na mimi?"

Nikasimama.

Mama Hilaria alinifinya mkono mpaka nikauma mdomo. "Mto una hila. Ukishampata wako, wanajitokeza wengine. Tembea."

Nikatembea. Mungu anisamehe, nilitembea.

Nyumbani alilitandaza sweta kifuani pa mgonjwa. Macho yale yaliyokaa wazi siku tatu yakafumba, polepole. Mama Hilaria akacheka kwa uchovu, akasema sasa kuku mmoja ni haki yake.

Jumamosi nilimkuta msichana jikoni, kando ya moto, akipiga mluzi. Aliniomba chakula. Kilichokuwepo ni simbilisi wa kuchoma, wa mama mkwe. Kabla sijamkumbusha kwamba yeye na nyama ni mbalimbali, alishafika kichwani, anafyonza mifupa.

"Samahani, mama," akasema akijifuta mdomo. "Hapa ni kwako? Unaitwa nani?"

Nikacheka. Nikadhani ugonjwa umemchanganya. "Naitwa Delfina. Umenilia mayai siku nne, leo hunijui?"

Alitoka nje, akakwea ngazi zote za mashamba mpaka ukuta wa juu bila kusimama. Huko akatulia, akavuta pumzi kama mtu anayeonja asali.

"Hewa yenu tamu," akanipazia sauti. "Yote inaingia."

Kiongozi wa kijiji hutaka kila mgeni aandikwe daftarini, nami kwa hekaheka zile nilikuwa sijamwandika. Nikafungua mfuko wa shanta, nikatoa pasipoti. Picha ilikuwa yake. Jina lilikuwa Jimena.

Nikamngoja ateremke. Nikamwonyesha.

"Huyu ni nani?"

"Mdogo wangu," akajibu bila wasiwasi. "Tunafanana, eti? Watu hutuchanganya sana." Akaipapasa ile picha kwa kidole gumba. "Safari hii niliipanga mimi. Alisema nikishindwa, ataibeba yeye, na shanta langu na nguo zangu... Yuko wapi?"

Nikaifunga pasipoti.

Akakunja uso, kama mtu anayetafuta neno. "Nilikuwa hospitali. Kitanda cha dirishani. Hewa ilikuwa haiingii, mama, hata kidogo. Halafu ikawa giza, sijui kwa muda gani. Nikasikia mtu ananiita. Nikaona sweta langu. Nikalifuata."

Alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama.

"Jimena hutafuna kucha," akasema polepole. "Mimi sitafuni."

Mama Hilaria alikuwa amesimama kizingitini, amesikia yote. Akayatema majani yake ya koka. Miaka minane ya ndoa yangu sikuwahi kumwona akiyatema mapema.

"Tumemleta aliyekufa," akaniambia. "Aliye hai tumemwacha majini."

Msichana akainua uso. "Nyinyi mtaenda kumwita?"

"Leo jua likishuka."

"Akija, atakaa wapi?"

Kuni zikapasuka motoni. Mama Hilaria akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. "Mwili huu ni wake, mwanangu. Wewe ulishakwenda. Ulishaliliwa."

"Najua, bibi." Akavuta pumzi nyingine, ndefu, akaifungia kifuani kabla ya kuiachia. "Nipeni mpaka jioni."

Tukampa.

Nguo zote za shantani zilikuwa za dada mtu. Vya Jimena vilikuwa viatu tu, vile alivyoanguka navyo. Tukavichukua. Mlango hatukuufunga kwa kufuli. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani tulimwonea haya.

Safari hii haikuhitaji mara tatu. "Jimena," mama mkwe akaita, na kabla hajamaliza, maji yakarukaruka.

"Abee. Abee. Abee..."

Alikuja mbio. Alitufuata kwa karibu hata nikahisi baridi yake kwenye visigino vyangu. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni akapatikana. Mimi nilitembea machozi yakinitoka, nikisema moyoni, pole, mama, pole, tumefika.

Mlango ulikuwa wazi.

Moto ulikuwa bado una joto. Kitanda kimetandikwa vizuri, blanketi limekunjwa mara nne. Shanta halipo. Ndala zangu za tairi hazipo. Mama Hilaria akakimbilia nje, akaelekeza sauti mlimani, kwenye njia ya kuvukia ng'ambo: "Amparo! Amparo, rudi!" Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Na asiyetaka kuitika, haitiki.

Nyuma yangu nyayo ziliingia ndani. Zikaenda mpaka kitandani. Zikakizunguka... mara moja... mara mbili. Blanketi likabonyea katikati, kidogo tu, likainuka tena.

Kisha zikatoka. Zilipita kando yangu, zikashika njia ya kuteremka mtoni. Hazikuwa na mbio tena.

Siku aliyofika, Jimena alitumia simu yangu kumjulisha mama yake kwamba yu salama. Namba ilibaki. Siku nane nilipanda kilimani penye mtandao nikapiga bila kupokewa. Siku ya tisa, mwanamke akapokea.

Nilimweleza yote. Nilitarajia atanitukana. Badala yake, nyuma yake, nikasikia mtu anapiga mluzi.

"Amefika juzi," akasema mwishowe. "Na ndala za tairi. Alinikumbatia kwa nyuma, kidevu begani. Jimena hajawahi kunikumbatia hivyo."

"Mama, Jimena yuko hapa kwetu. Mrudishe huyo na mwili, tunaweza bado kuwabadilisha..."

"Delfina." Akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Nilimzika binti. Nilimwosha mwenyewe, nikamvalisha. Sasa wewe unanipigia simu uniambie nichague yupi nimzike tena?"

Mluzi ukakatika. Mlango ukalia. Sauti ninayoijua, ile ya msichana aliyemenya viazi vyangu, ikauliza kwa uchangamfu: "Unaongea na nani, mama?"

"Wamekosea namba," mama akasema.

Akakata. Tangu siku ile namba hiyo haipatikani.

Mama Hilaria haiti roho tena. Wanaoleta watoto walioanguka huwarudisha na kuku wao, bila kuwaeleza kwa nini. Mimi ndiye ninayeteremka, kila Ijumaa jua likishuka. Namwambia Jimena avumilie, mama yake amesikia, yuko njiani. Ni uongo, lakini nimeshindwa kumpa kingine. Mwaka mzima hajanijibu. Husikika maji tu, na meno yake.

Mwezi uliopita nilijua kuwa nina mimba. Haijaonekana bado. Ameambiwa mume wangu peke yake, tena kwa kunong'ona, chini ya blanketi.

Ijumaa iliyopita nilipomaliza uongo wangu na kuokota mzigo wangu niondoke, mto ukanyamaza. Jimena akaongea kutoka chini ya daraja, kwa upole, bila kutetemeka hata kidogo.

"Dada Delfina," akasema. "Mtoto mtampa jina gani?"