Diski ya Mwape wa Kilwa

Jua lilikuwa linashuka upande wa Congo wakati Albert aliingia mu duka la Ackson, pale Nchelenge, kutafuta diski ya kuhifadhia kazi yake. Kompyuta yake ilikuwa inakufa. Na haikufa kwa haraka kama kuku, hapana. Ilikufa polepole, kama tajiri mwenye watoto wengi: leo macho yamefunga, kesho amefufuka anaomba uji.

Mule ndani mulikuwa ndoa na vilio vyote vya kambi ya wakimbizi ya Mantapala, maana kazi yake ni kupiga video. Na mulikuwa video moja ya Chouchou, muke wake, marehemu. Anaimba mulangoni, halafu anageuka na kumugombeza: “Albert! Unanipiga video na kitambaa imepinda? Ingia, chakula inapoa!”

Sauti ya Chouchou, duniani pote, ilibaki ile tu, hata Ackson alijua.

“Ba Albert, angalia hii,” Ackson alisema. “Mupya. Inameza dunia muzima.”

Albert aliipima mu kiganja, akaitikisa karibu na sikio. Ko-ko-ko.

“Ackson ndugu yangu, hii ni diski ao sanduku ya misumari?”

“Ni nguvu yake inatembea.”

“Basi uiambie ikae chini, itachoka.”

Aliyajua madiski ya namna ile. Inje inang’aa kama bwana harusi. Ndani wamegundisha kamemori kadogo na chuma ya kuongeza uzito. Inapokea kila kitu bila kubisha. Siku ya kuiomba, inakuangalia tu.

Ndipo akaona ingine chini ya meza, imefungwa mu sashe nyeusi ya plastiki. Nzito. Imekwaruzwa. Akaichomeka ku kompyuta ya duka, akaimwagia video kubwa-kubwa, akazifungua tena moja moja. Zote zilirudi nzima. Akatega sikio.

Kimya. Kama mutu anayezuia pumzi.

Na harufu... tope ya ziwa.

“Ya nani hii?”

Ackson alishusha sauti. “Ya Mwape. Wa kisanga cha Kilwa, kile kisiwa cha hapa mu ziwa. Alipigaka video ya vilio, kama weye. Ziwa ilimubeba.”

Albert aliondoa mukono. Pwani ile ya ziwa, chombo cha kazi cha marehemu hakitoki mu nyumba mpaka ndugu mumoja apyane, yaani avae jina lake, ili mwenyewe apumzike. Hata mukimbizi aliyefika jana anajua.

“Walishapyana jina yake?”

“Walishapyana.”

“Nani?”

Ackson aliangalia mulango. “Mutu. Kamata, ba Albert. Giza inaingia.”

Jibu lile lilikuwa na tundu la kupitisha ng’ombe. Lakini Albert alifikiri kompyuta, akafikiri Chouchou. Akakamata.

Nyumbani, dada yake Pierrette alikuwa inje anasonga bukari. Albert akajifungia, akanakili video ya Chouchou. Kompyuta ililia, ikakohoa, ikamaliza. Kopi ambayo haujafungua si kopi. Ile alikuwa anafundisha watu kila siku. Akaifungua.

Chouchou anaimba. Chouchou anageuka.

“Mwape! Unanipiga video na kitambaa imepinda?”

Albert alicheka. Masikio ya mutu mwenye njaa! Akairudisha nyuma.

“Mwape!”

Sauti ya Chouchou. Midomo ya Chouchou. Na kile kicheko chake cha puani.

Kicheko cha Albert kiliisha. Haraka akatafuta video ya kwanza, ile ya mu kompyuta, akaifungua.

“Al...”

Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kompyuta ilikuwa imekufa, na safari hii haikuomba uji.

Mmmmm...

Diski. Waya umechomoka, lakini inanguruma mezani. Ya moto. Harufu ya tope imejaa chumba.

Akamupigia Ackson. Alinong’ona, hakujua kwa nini. “Sema kweli. Nani alipyana?”

Mu simu, mulango wa duka ulisikika unafungwa kwanza.

“Ndugu zake wote walikatala, ba Albert. Waliogopa. Dada yake, Esnart, njo aliniletea ile diski. Alisema nisiuzie mutu yeyote. Nimungoje mwenye kupiga video... mwenye atajichagulia mwenyewe, kwa mukono wake.”

“Minairudisha! Saa hii!”

“Na sauti ya muke wako utaiweka wapi?”

Simu ikakatika. Albert alibaki amesimama, macho ku diski. Hakuigusa. Hakuitupa.

Inje, sufuria iligonga jiwe. Pierrette aliita, sauti yake ya kila jioni, bila haraka:

“Mwape! Kuya, chakula inapoa!”

“Nakuya,” akaitika.

Mezani, diski ikanyamaza.